Uongo Mmoja kwa Kipindi

Mwalimu wa Kemia alidanganya kila siku ya kazi kwa miaka kumi na mmoja niliyomfahamu, na sijapata kukutana na mtu mkweli kuliko yeye. Ukimwambia hivyo mtu wa Rujewa hatashangaa. Waliosoma kwake wanalijua jambo hilo, na wazazi wao walilijua kwa kusimuliwa mezani. Wasiolijua walikuwa watu wa mbali, na ni kwa sababu ya hao nimekaa kuandika haya, ingawa nimeyakwepa kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Nianze na ukweli wake. Nje ya darasa hakuwa na hata ule uongo mdogo ambao sisi wengine tunauita adabu. Ukimpigia simu akiwa bado nyumbani, hakwambii "nipo njiani." Anakwambia, "Navaa kiatu cha kushoto." Kwenye harusi ya binti wa mkuu wetu wa shule aliulizwa chakula kikoje, akajibu kwamba nyama ni nzuri ila wali una mawe. Aliyemuuliza alikuwa mkuu wa shule mwenyewe. Sisi walimu wenzake tulitazama sahani zetu, na mawe yalikuwemo kweli.

Sasa uongo wake. Aliingia darasani na koti lake jeupe lenye tundu la kuungua kwenye mkono wa kulia, na kabla hajaandika tarehe ubaoni alisema, "Leo nina uongo mmoja. Utafuteni." Halafu anafundisha. Mahali fulani katikati ya kipindi anaweka kosa, kwa uso uleule na sauti ileile anayosemea kweli. Wanafunzi waliosinzia kwangu kwenye Jiografia, nikiwaeleza mito kwa jasho, walikaa kwake macho makavu. Anayelikamata kosa ananyoosha mkono, analitaja na kueleza kwa nini ni kosa. Asipoeleza, halihesabiwi. Akieleza, Mwalimu anampisha kwenye kiti chake mpaka kengele igonge. Siku moja nilipita dirishani nikamwona binti wa kidato cha pili, mdogo hata miguu haigusi sakafu, amekaa kwenye kiti cha mwalimu, na yeye mzee wa karibu miaka sitini amesimama ukutani mikono nyuma kama aliyepewa adhabu. Walikuwa na furaha wote wawili.

Nilimuuliza kwa nini anajipa taabu hiyo.

"Kijana," alisema, "hawa tumewafundisha kuitikia tangu chekechea. Mwalimu akisema, ndiyo. Mchungaji akisema, ndiyo. Muuza dawa za mpunga akisema, ndiyo. Mimi nataka kila siku mmoja aseme hapana, na awe na sababu."

Mkaguzi mmoja alikaa nyuma ya darasa lake, akaandika kosa kwenye daftari, akatoka kabla halijakamatwa. Ofisini alimwambia kwa kejeli, "Njia ya mwongo ni fupi, mwalimu." Akajibiwa, "Ndiyo maana uongo wangu haujawahi kuvuka kengele."

Na hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, pengine sheria pekee. Kosa lisipokamatwa, alilifichua mwenyewe dakika tano za mwisho. Halikulala nje. Kuna msimu binti mmoja aliitwa na baba yake katikati ya kipindi akafukuze ndege kwenye mpunga. Akaondoka na uongo kichwani. Mwalimu alipogundua baada ya saa za kazi, alichukua baiskeli akaenda mpaka kwenye majaruba, matope magotini, akasimama kwenye tuta akipiga kelele: "Ile ya kutu! Niliyosema haihitaji hewa! Inahitaji!" Binti akapunga mkono, naye akageuza baiskeli. Nilimcheka wiki nzima. Siku hizi nikilikumbuka tuta lile, kicheko hakinijii.

Alikuwa mtu wa vipimo. Sukari ya chai aliipima kwa kijiko cha maabara, akaisawazisha juu kwa kisu. Chupa ya asidi aliiweka rafu ya chini kabisa, hakuruhusu ipande juu ya kiuno cha mtu. Akiitoa, aliishika kwa mikono miwili na kutuambia sote, hata sisi walimu, tusogee. Ukimuuliza kuhusu tundu la koti alisema, "Hapa ndipo niliposomeshwa," na hakuongeza. Niliwahi kudhani anaiogopa chupa ile kupita kiasi. Baadaye nilidhani alipaswa kuiogopa zaidi.

Mimi ni mtu wa Tukuyu, yeye ni wa upande wa Kalenga, na utani wetu haukuisha. "Ninyi mvua imewaharibu," aliniambia. "Kila kitu mnakifanya haraka kabla haijanyesha." Nami nilimwambia Wahehe wanakaa wakipima wakati wenzao wanavuna. Nilimtania pia kuhusu kanisa, maana alikuwa mzee wa usharika na kwenye mafundisho ya Biblia hakuwahi kunyoosha mkono. "Huko unaitikia tu?" nikamuuliza. Akajibu bila kutabasamu, "Huko mimi ni mwanafunzi, na mwalimu hajasema ana uongo."

Lakini mgongano wake mkubwa na nafsi yake haukuwa kanisani. Mtu huyu aliyefundisha watoto wasimwamini yeyote aliniamini mimi. Hakunikagua hata mara moja. Nilimpenda kwa hilo, na nililizoea.

Habari za video zilianza kwa mkuu wa shule. Msimu wa mavuno wanafunzi wetu wengi hupotea wiki nzima nzima, wako mashambani au kwenye mashine za kukoboa. Mkuu akataka tuwarekodie masomo mafupi, yatumwe kwenye kundi la wazazi, mtoto aangalie kwenye simu ya mama yake jioni. Mwalimu wa Kemia alikuwa na kitochi tu, simu ndogo ya vibonye, hakutaka nyingine. "Wewe una simu ya kioo," aliniambia, "mimi nina maneno. Tushirikiane." Alipoambiwa video isizidi dakika tano akacheka. "Dakika tano natafuta chaki."

Alijifunza, tena haraka. Aliandika kila somo kwenye karatasi, akalisoma kwa saa yangu, akafuta, akasoma tena. Shida yetu ilikuwa kelele. Shule imezungukwa na mashine za kukoboa mpunga, na zikiwaka husikii hata mawazo yako. Kwa hiyo tulirekodi siku umeme ukikatika. Mji mzima ulilalamika, sisi tulikimbilia maabara, tukafungua madirisha upande wa mwanga, nikaegemeza simu kwenye rundo la madaftari. Ukimya wa Rujewa mchana bila mashine si ukimya wa kawaida. Unasikia ng'ombe wakipita mbali na vumbi likigonga bati, na unaanza kuongea taratibu bila kujua kwa nini.

Uongo wake alitaka kuja nao. Nilimwambia, na namshukuru Mungu angalau hilo nilisema: "Mwalimu, kwenye video hakuna wa kunyoosha mkono."

Akafikiri siku mbili. Akarudi na dawa yake. Atasema kosa, atamaliza maelezo, halafu atanyamaza huku ameitazama simu, akihesabu moyoni mpaka kumi. Kisha atauliza, "Nani ameona?" na kusahihisha. Sekunde zile kumi zilikuwa ngumu kuzitazama. Mke wangu aliziona mara moja jikoni akaniomba nizime. "Huyo mzee anaangalia kama anajua ulichofanya," alisema. Nilicheka tena. Nilikuwa mcheshi sana miezi ile.

Kisha wazazi wakalalamika kwamba video ni nzito, zinamaliza bando. Nikapendekeza mambo mawili. La kwanza, tuondoe ule utangulizi wa "leo nina uongo mmoja," kwani kila mtu ameshaujua. Akakubali kwa shingo upande. La pili, nizikate video vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili. Hapo akanishika mkono.

"Anayepata ya kwanza atapata ya pili?"

"Zinakwenda pamoja, mwalimu."

Tangu hapo, kila tuliporekodi, alinipigia baadaye kwa kitochi chake akiwa na swali moja: "Zimekwenda zote?" Nami nikamjibu, "Zimekwenda." Na zilikuwa zimekwenda.

Video zikasafiri. Mama mmoja anayeuza vitunguu Igawa kando ya barabara kuu aliniambia mwanawe amezipata kutoka kwa dereva wa lori. Makambako wanazo. Hatimaye zikafika Kalenga, nyumbani kwake mwenyewe, wakazirushiana kwa fahari: mtoto wetu anafundisha. Nilipomletea habari hiyo nilitegemea afurahi. Alisawazisha sukari kwenye kijiko.

"Wa mbali hawanijui," alisema.

"Si ndio vizuri? Watakujua."

"Wataniamini," alisema, akanywa chai.

Somo la asidi na maji tulilirekodi siku ya Jumatatu. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumamosi na simu yangu ilikuwa imebakiwa na chaji kidogo. Upepo wa Usangu ulivuma tangu asubuhi, tukalazimika kufunga dirisha moja. Mwalimu alisimama nyuma ya meza yenye glasi mbili tupu, hakumimina chochote, alionyesha tu kwa kidole. Kwa uso wake uleule alisema, "Asidi inatangulia. Kisha unamimina maji juu yake."

Hata mimi wa Jiografia najua ni kinyume. Ukimimina maji juu ya asidi kali yanachemka palepale na kuruka. Nilisimamisha kurekodi.

"Mwalimu, hata hii?"

"Hii ndiyo hasa," alisema. "Atakayeikamata hii hataisahau mpaka kufa."

Tukaendelea. Akatazama simu, akahesabu kumi, akasahihisha. Nilikata vipande viwili palepale maabarani, cha kwanza kikiishia kwenye zile sekunde kumi. Ya kwanza ikaenda. Ya pili ilipoanza kwenda simu ikazima.

Kesho yake alfajiri nilipigiwa kwa simu ya jirani kwamba mjomba amefariki Tukuyu. Nilifika huko, nikachaji simu, zikamiminika salamu za pole mpaka ikaganda. Adhuhuri Mwalimu akanipigia. Nilikuwa nimesimama na wanaume wenzangu tukisubiri jeneza, mvua inanyesha.

"Pole na msiba, kijana. Mungu awatie nguvu."

"Ndaga, mwalimu. Asante."

"Zimekwenda zote?"

"Zimekwenda," nikasema.

Sikuwa nimeangalia. Sikukusudia kumdanganya, nilikuwa nimelizoea tu jibu. Ni neno la silabi nne. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

Alhamisi, katika shule moja ya kata upande wa Kalenga, kikundi cha wanafunzi wa kidato cha nne kilikuwa kinajifua kwa mtihani wa vitendo. Shule ina chupa ya asidi lakini mwalimu wao wa sayansi alikuwa amehamishwa. Walikuwa na video. Kiongozi wa kikundi alikuwa binti hodari, ndiyo maana wenzake walimwachia amimine yeye na wao wakasimama nyuma yake. Wanafunzi wetu wa Rujewa wangecheka na kupiga kelele "Uongo!" Wale hawakujua kwamba kuna mchezo. Waliona mzee wa kwao, mwenye koti jeupe, anayeongea taratibu. Asidi iliruka, na jicho moja la binti lilipotea palepale. Lililobaki linaona mwanga na vivuli.

Mimi nilirudi Rujewa Alhamisi hiyohiyo jioni, sijasikia lolote. Nikiwa natafuta ujumbe mwingine nikaikuta sehemu ya pili bado ina alama ya saa, haijatoka. Nikaituma, nikajisemea kwamba bora imekwenda. Saa moja baadaye mkuu wa shule akanipigia.

Kikao kilifanyika ofisini kwake. Alikuwepo afisa kutoka wilayani, na alikuwepo baba wa binti, mtu mwembamba aliyeshikilia kofia yake kwa mikono miwili muda wote na hakuketi. Walicheza video.

"Hii ni sauti yako, mwalimu?"

"Ni yangu."

"Ulijua unachosema ni kosa?"

"Nilijua. Uongo huo ni wangu."

"Kwa nini?"

Akaeleza. Alieleza vizuri, na kila neno lilimzamisha zaidi, kwani ofisini, mbele ya baba yule, mambo ya kumpisha mtoto kwenye kiti yalisikika upuuzi. Akasema masahihisho yalikuwepo kwenye sehemu ya pili, lakini hilo halimsaidii binti. Mkuu akafungua kundi la wazazi, kweli ikaonekana ipo. Hakuna aliyeangalia imetumwa siku gani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu na mlango. Nilikuwa na mke, mtoto wa miezi mitano na barua ya kupandishwa daraja iliyokuwa njiani. Niliogopa. Nikanyamaza, na kikao kikaisha.

Hawakumfukuza. Alibakiza mwaka mmoja kustaafu, wakamwambia apumzike. Nilimsindikiza mpaka Igawa kupanda basi, nimembebea sanduku la vitabu. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara zote tatu lori lilipita, au nilijifanya nalipisha lori.

"Nimedanganya watoto maisha yangu yote, kijana," alisema. "Nilidhani nawafundisha kuona." Akapanda.

Ulipita mwaka na miezi kadhaa. Nilipopata semina Iringa mjini nilijiambia nitakwenda kumsalimia. Kumsalimia tu. Nikanunua sukari, nikachukua na mchele wa Rujewa nilioutoa nyumbani, nikapanda bodaboda mpaka Kalenga. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Nilimkuta barazani. Kando yake alikaa binti mwenye miwani myeusi, ngozi ya shavu imekunjamana mpaka shingoni, na pembeni mama yake alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo. Nilimjua binti bila kuambiwa, nikatamani kurudi kwenye pikipiki, lakini ilikuwa imeshaondoka.

"Kamwene," Mwalimu alisema.

"Kamwene. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, mnyalukolo, ndugu yangu. Umekuja na mchele, mawe umeyatoa?"

Alikuwa amekonda, ila aliniletea kiti mwenyewe. Akaniomba nisubiri wamalize. Alikuwa anamsomea binti kitabu cha kidato cha nne, mstari kwa mstari. Binti huja hapa kila alasiri, mama akanieleza, na mzee anataka arudie mtihani. Nilisikiliza. Hakukuwa na uongo ndani yake. Kila sentensi ilikuwa sahihi na ilitoka kwa sauti iliyopooza, na baada ya kila aya alisema, "Hii ni kweli." Binti alipiga miayo mara mbili. Katika miaka yote sikuwahi kumwona mtu akipiga miayo mbele ya mwalimu yule, na nilihuzunika kuliko nilivyohuzunikia kovu.

Akafunga kitabu. "Binti, huyu ni mwenzangu wa Rujewa. Anafundisha Jiografia."

"Hujambo, binti," nikasema. "Pole sana."

Hakusema shikamoo wala asante. Alinigeuzia sikio.

"Sauti hii naijua," alisema. "Wewe ndiye uliyesema mwishoni kwenye ile video. Mzee anatazama, ananyamaza, halafu mtu mwingine anasema, 'Sehemu ya pili inafuata hivi punde.'"

"Ni mimi," nikasema.

"Niliisubiri."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo.

"Jumatatu mpaka Jumatano niliisubiri," binti alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza tu. "Wenzangu wakasema tuanze, mtihani uko karibu. Nikasema tusubiri, huyu mwalimu kanyamaza, ana kitu hajamaliza. Alhamisi nikachoka."

Mwalimu alikuwa amemgeukia. "Haikuja? Hukuipuuza?"

"Haikuja, mwalimu. Ilikuja nikiwa hospitali."

Mzee alinitazama. Nilihesabu, sikuweza kujizuia, na nilivuka kumi.

"Uliniambia zimekwenda," alisema.

"Sikuangalia, mwalimu. Simu ilizima. Nilikuambia bila kuangalia. Na pale ofisini nilijua."

Nililia, nakiri. Hakuna aliyeninyamazisha na hakuna aliyenifokea. Mwalimu alishika magoti yake kwa mikono yote miwili na kutazama sakafu ya udongo. Alikuwa amebeba kwa mwaka mzima kosa alilodhani ni la njia yake yote ya kufundisha, na kumbe binti huyu, mgeni asiyewahi kukaa darasani kwake, alikuwa ameshalishuku.

"Ilikuwa inasema nini?" binti akauliza. "Hiyo ya pili. Mtu hajawahi kuniambia ilivyosema."

Mwalimu alinigeukia. "Mwambie wewe," aliniambia.

Nikafuta uso kwa kiganja. Nikamwambia kama ilivyokuwa, maneno ya mzee mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeyakata na kuyasikiliza mara nyingi. Kwamba hapana, usifanye hivyo. Maji yanatangulia. Asidi inafuata, kidogo kidogo, na uso ukae mbali.

Alingoja kidogo, kichwa ameinamisha upande wangu, akidhani naendelea.

"Ni hayo tu?" aliuliza.

"Ni hayo tu," nikasema.